Naomba ushauri: mume wangu yuko kwenye mionzi, kumeza kumemshinda

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu ana saratani ya koo. Tumetoka Arua na kupanga chumba karibu na hospitali ya Mulago, Kampala, kwa sababu mionzi ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na kemo (dawa za saratani) mara moja kwa wiki. Mwanzoni alikula vizuri. Sasa mdomo umejaa vidonda, mate yanavutika kama mlenda, hata maji hukunja uso ndipo yashuke.

Nampa uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga, na parachichi lililopondwa. Anasukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Pilipili na ndimu nimeziondoa kabisa. Bado anakonda, suruali anaifunga kwa kamba. Daktari ametaja mpira wa kulishia kupitia puani. Yeye hataki kusikia, anasema huo ni wa mtu anayekufa. Mimi naona ungemsaidia amalize mionzi bila kukatiza.

Mliouguza mgonjwa wa namna hii, mlimshawishije akubali mpira? Na wakati namsubiri akubali, ni chakula gani chenye nguvu kilichopita bila kumchoma?