Bendi ya mkononi, saa yenye GPS au mkanda wa kifuani? Nimevaa vyote wiki sita, naleta niliyoyaona

Mbio_Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi. Nina miaka 43. Nilipokwenda kupima afya daktari alisema moyo uko salama, ila nipunguze papara: mazoezi mengi yawe mepesi, magumu yawe machache. Nikarudi nyumbani najiuliza mepesi ni yapi, maana mimi kila siku nilikuwa narudi nimelowa na nahema. Ndipo nikaanza kutafuta kifaa cha kunisomea mapigo ya moyo.

Niliazima viwili na cha tatu nikanunua. Vile vya kuazima ni bendi nyembamba ya bei nafuu isiyo na GPS, na saa ya mazoezi yenye GPS ndani. Majina yake sitayataja, kwa sababu nilikuwa na kimoja kimoja tu, na si haki kulaumu kiwanda kizima kwa kifaa kimoja. Nilichonunua ni mkanda wa kifuani, Polar H10. Huo ndio niliufanya kipimo cha wenzake, kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe, wakati vya mkononi vinasoma damu kwa mwanga.

Njia yangu ni ile ile kila asubuhi saa kumi na moja na nusu: naanzia Coco Beach, napanda daraja la Tanzanite mpaka upande wa Aga Khan, narudi. Bendi mkono wa kushoto, saa wa kulia, mkanda kifuani, simu kiunoni.

Kitandani kabla sijaamka, vyote vitatu vinakubaliana. 58, 57, 58. Wiki nzima havikupishana zaidi ya mapigo mawili. Kwa anayetaka kujua mapigo yake ya mapumziko tu, bendi ya bei nafuu inamtosha kabisa.

Kukimbia taratibu kwa mwendo mmoja pia si haba. Mwili ukishapata moto, saa inapishana na mkanda kwa mapigo mawili matatu, bendi matano hivi.

Tatizo ni dakika za mwanzo. Siku ya pili, nimekimbia dakika tatu tu, bendi inaniambia 168. Mkanda unasema 121. Nilisimama nikashika shingo nikahesabu, mkanda ulikuwa sahihi. Nikaanza tena, safari hii nahesabu hatua: mguu unagusa lami mara 168 kwa dakika. Bendi ilikuwa inahesabu miguu yangu na kuniandikia kuwa ni moyo! Mtu wa umri wangu akiona 168 kwenye mbio nyepesi anaweza kuogopa na kuacha mazoezi, au akapunguza mwendo bila sababu wiki nzima. Hili limenigusa kuliko yote.

Kwenye intavali, yaani mita 400 kwa kasi kisha dakika mbili za kutembea, bendi ilishindwa kabisa. Namaliza mzunguko mkanda uko 167, bendi iko 139. Bendi inafika 160 mimi nikiwa natembea tayari, moyo umeshaanza kushuka. Saa ilijitahidi lakini nayo ilichelewa.

Kalori sitaki hata kuzungumza sana. Mbio moja, namba tatu: 412, 540, 618. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo mapigo yake yalikosea chini ya asilimia 5, ila kwa kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea asilimia 27 kwa wastani, na cha mwisho asilimia 93. Usile chapati ya ziada kwa sababu mkono umekuambia umechoma 600.

Karibuni, wenye uzoefu waongeze.

FundiSaa_Kkoo

Mkuu uzi mzuri sana huu. Mimi niko Kariakoo, natengeneza simu na saa, na kila wiki naletewa bendi za bandia. Nikifungua ndani nakuta taa ya kijani inawaka vizuri kabisa, lakini pembeni yake hakuna kile kijicho cha kupokea mwanga. Taa ni pambo. Namba zinatoka kwenye programu tu, 72, 75, 81, ndani ya hapo hapo siku zote.

Kipimo changu cha dukani: ifunge kwenye ndizi. Ikisoma mapigo, hiyo ni feki, rudisha.

Mwl_Fizikia

Fundi nakuheshimu, ila hapo kwenye ndizi naomba nikusahihishe, watu wasije wakarudisha vifaa vizuri.

Mwanga wa kijani unanyonywa sana na damu. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye vishipa vya mkono, mwanga unaorudi unapungua. Damu ikipungua mwanga unaongezeka. Kifaa kinahesabu huko kupanda na kushuka. Sasa ukikifunga kwenye ndizi au karatasi ya chooni, mwanga bado unarudi, na programu iliyoandikwa itafute mapigo itayatafuta hata kwenye vurugu ndogo za mwanga. Bendi halisi za viwanda vinavyojulikana nazo zimewahi kutoa namba zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya chooni.

Na hiyo ndiyo sababu ya ile 168 ya mleta mada. Mkono ukirushwa, damu na ngozi vinatikisika kwa kufuata hatua. Programu inaona midundo miwili, wa moyo na wa miguu, na ule wa miguu ukiwa na nguvu zaidi, unachaguliwa.

Kipimo bora: vaa dukani, kaa dakika mbili, soma. Chuchumaa na kusimama mara 30 mfululizo, soma tena. Kisha kaa ushike shingo kwa vidole viwili, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Kifaa halisi kitapanda na kushuka pamoja na wewe. Cha bandia kitabaki kwenye 70 zake.

FundiSaa_Kkoo

Mwalimu nimekubali, ndizi naiacha. Hiyo ya kuchuchumaa naanza nayo kesho kwa wateja. Niongeze jambo moja: kabla hujalipa, iunganishe na programu rasmi ya kampuni kwenye simu yako pale pale. Muuzaji akikuambia utaunganisha nyumbani, ondoka.

Ukhti_Mvita

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, natembea kila jioni Mama Ngina. Nilikuwa sina shida na bendi yangu mpaka harusi ya mdogo wangu, nikapakwa piko mikono yote mpaka juu ya kifundo. Kesho yake bendi ikawa yaandika mistari miwili tu, au yaruka kutoka 64 hadi 130 nimekaa. Nilidhani imekufa. Nikaipandisha juu pasipo na maua, ikasoma vizuri. Basi dada zangu, msikimbilie kununua nyingine.

Ila nina swali. Huo mwanga wa kijani, kwetu wenye ngozi nyeusi wafanya kazi sawa na kwa wazungu?

Nesi_Mwanza

Wa alaykum salaam dada. Swali lako ni muhimu na linastahili jibu la wazi.

Weusi wa ngozi nao unanyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo hofu ina msingi. Kwenye mapigo ya moyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2020 kazi yao ya watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi, wakapima vifaa kadhaa. Hawakuona tofauti kubwa ya usahihi kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Tofauti ilikuwa kati ya kifaa na kifaa, na kati ya kutulia na kujishughulisha: mtu akiwa kwenye mwendo kosa liliongezeka kwa asilimia 30 hivi.

Oksijeni ni habari nyingine. Mwaka huo huo wa 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa wagonjwa wa hospitali Marekani, waliopimwa kwa kile kifaa cha kubana kidole. Kilipoonyesha oksijeni iko salama, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi ilikuwa kweli imeshuka, kwa weupe ni asilimia 3.6. Hicho ni kifaa cha hospitali. Kwa hiyo bendi ikikuambia oksijeni 97 na wewe unahema kwa shida, nenda hospitali, usibishane na mkono.

Na namna ya kuvaa inabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ibane kabla ya kukimbia isiteleze, ukimaliza ilegeze ngozi ipumue. Osha na kausha chini yake, jasho na sabuni vikikaa vinaleta vipele.

Karura_Mapema

Salamu kutoka Nairobi. Mimi mwezi wa saba ndio huwa nateseka. Saa kumi na mbili asubuhi pale Karura ni baridi, damu inakimbia ngozi, na saa ya mkononi haisomi chochote cha maana dakika kumi za kwanza. Navaa sweta ya mikono mirefu juu yake na kupasha mwili moto kwanza, inasaidia.

Kwa wale hawapendi mkanda wa kifuani, na wanawake wengi hawaupendi kwa sababu unagombana na sidiria, kuna njia ya katikati: bendi ya kuvaa kwenye mkono wa juu, kama Polar Verity Sense. Nayo ni ya mwanga, lakini huko juu kuna nyama na mkono hautikisiki sana. Mimi ndiyo natumia sasa, naiunganisha na simu kwa Bluetooth.

Kama mtu anauliza modeli, hizi ndizo huwa naulizwa na wenzangu. Xiaomi Smart Band 9 ya 2024, ilitoka kwa yuro 39.99 Ulaya, kampuni inasema betri inafika siku 21, haina GPS yake. Huawei Band 9 ni gramu 14, nyepesi sana kulala nayo. Fitbit Charge 6 ya 2023 ina GPS ndani, betri siku saba, ilianza kwa dola 159.95, na baadhi ya takwimu zake unazilipia kila mwezi. Garmin Forerunner 55 ya 2021 ilianza kwa dola 199.99, gramu 37, saa 20 za GPS, na kioo chake hakina mng'aro wa kupendeza ila jua la saa sita unakiona bila kuweka kiganja juu. Kwa mkimbiaji, hicho kioo peke yake ni sababu ya kuinunua.

Mzee_Raskazone

Vijana, nimesoma yote na nimefaidika. Nina miaka 67, mjukuu ameniletea bendi. Natumia dawa ya presha, atenolol. Nimepiga ile hesabu ya 220 toa umri nikapata 153, bendi nayo inanitaka nifike 110 na kitu ndipo inihesabie mazoezi. Natembea mpaka natoka jasho, haivuki 95. Je, moyo una kasoro au kifaa?

Nesi_Mwanza

Shikamoo mzee wangu. Huenda si moyo wala kifaa. Atenolol kazi yake mojawapo ni kuzuia moyo usiende mbio, kwa hiyo zile hesabu za umri hazikuhusu ukiwa kwenye dawa hiyo. Tafadhali usijilazimishe kufika 110, na usiache dawa ili namba ipande.

Tumia mdomo wako. Ukitembea na unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, lakini huwezi kuimba, hapo ndipo pazuri. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, simama. Kliniki ijayo mwambie daktari akupangie kiwango chako. Na kama bendi hiyo inadai kupima presha kwa mwanga tu, usiiamini, endelea na mashine ya kubana mkono wa juu.

Mbio_Alfajiri (mleta mada)

Asanteni wakuu, nimepata zaidi ya nilichotoa. Nimerudisha saa kwa mwenyewe. Bendi nimeinunua kwa aliyeniazima, nalala nayo, kila asubuhi naangalia mapigo ya mapumziko. Yakipanda matano au sita juu ya kawaida yangu, siku hiyo natembea tu. Mkanda ni wa Jumanne, siku ya intavali, na mbio ndefu za Jumapili. Anayenunua mkanda ajue: lowesha zile sehemu mbili za kugusa ngozi kwa maji kabla ya kuvaa, ukiuvaa mkavu dakika za mwanzo nao unasoma ovyo. Ukirudi chomoa kile kidude cha mbele, suuza mkanda, anika kivulini.

Mzee Raskazone, tupe matokeo.

Mzee_Raskazone

Marahaba binti yangu, Mungu akubariki. Leo jioni nimekaa barazani, mjukuu ameshika saa ya ukutani, mimi nimeshika shingo. Nimehesabu 16 kwa sekunde 15, yaani 64. Bendi inasema 66. Kesho baada ya alfajiri natembea nayo mpaka baharini na kurudi, nitakuwa namsimulia mjukuu hadithi njiani ili nijue pumzi imefika wapi.