Kiuno na safari ndefu za lori: naomba ushauri

Habari wakuu. Naendesha lori Dar–Tunduma. Nikishuka Mikumi kujinyoosha, maumivu yanatoka kiunoni, yanapita kalioni mpaka kisigino cha kushoto, na kidole kidogo cha mguu kinakufa ganzi. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski (kile kimto kati ya pingili za mgongo) kati ya L5 na S1, pale chini kabisa ya kiuno, imechomoza, inabana mshipa wa fahamu. Daktari hataki upasuaji kwa sasa. Kaagiza mazoezi, kakataza kulala kitandani kutwa. Sawa, lakini dereva anafanya mazoezi gani barabarani? Mto wa kiunoni unasaidia kweli? Mkanda je, nivae safari nzima au wakati wa kufunga turubai tu? Mkojo na choo viko sawa, hilo nimeshaulizwa. Na habari za kukanyagwa mgongo, tafadhali, sitaki.