Mjadala: olraunda wa nchi mbili, tumwite au tukuze wetu?

MWENYE HOJA (Mkunazini)
Assalamu alaykum. Naiweka hoja wazi: timu ya taifa ya kriketi ya Tanzania iwaite wenye asili ya Unguja na Pemba waliokulia Uingereza, Oman na kwengineko, na katika hao itangulize olraunda, yule anayerusha mpira na kushika gongo kwa viwango vinavyokaribiana. Kila likizungumzwa jambo hili utasikia "mtu wa nchi mbili hana nchi". Sikubali.

Mtazameni David Wiese. Kazaliwa Roodepoort, Afrika Kusini, 1985. Ameichezea Afrika Kusini tangu 2013, na mara ya mwisho ilikuwa Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira 6) kule India, 2016. Mwaka uliofuata akenda klabu ya Sussex, Uingereza, kwa mkataba uliomfungia mlango wa timu ya taifa. Baba yake alizaliwa Namibia, na kwa njia hiyo akavaa jezi ya Namibia 2021. Oktoba hiyo, Abu Dhabi, Namibia ikifukuzia mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 165 dhidi ya Uholanzi, alipiga 66 kwa mipira 40 na hakutolewa. Ndio ushindi wa kwanza wa Namibia kwenye Kombe la Dunia. Siku mbili baadaye wakaitoa Ireland: wiketi 2 zake (yaani wapigaji wawili aliowatoa), na mikimbio 28 kwa mipira 14.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika ova 20 mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4, kwa hiyo lazima uwe na warushaji 5. Katika wachezaji 11, toa hao na mlinda wiketi anayedaka nyuma ya mpigaji, wapigaji halisi wanabaki 5 tu. Wiketi nne zikianguka mapema, mchezo umekwisha. Olraunda mmoja anakupa mpigaji wa sita bila kukupunguzia mrushaji. Nchi kubwa huona raha kuwa naye. Timu ndogo isiyokuwa naye haifiki popote.

WA CHAKE CHAKE
Waalaykum salaam. Mwenzangu, hesabu yako ya ova nakubali yote, lakini umeruka mlango ukaingilia dirishani. Kanuni za ICC, baraza la kriketi duniani, zina njia tatu za kuichezea nchi: kuzaliwa ndani yake, kuwa raia mwenye pasipoti yake, au kuishi humo miaka 3 mfululizo kama makazi yako ya kudumu. Asili ya baba peke yake si njia. Inasaidia pale tu inapokupatia uraia.

Sasa tia sheria yetu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana wa kizazi cha pili, kazaliwa Leicester kwa wazazi wa Wete, pasipoti yake ya Uingereza, hana kwa kupitia mpaka airejeshe pasipoti hiyo au aje kukaa hapa miaka 3. Nani atafanya hivyo kwa timu isiyomlipa mshahara wa kumtosha? Wiese alikuwa akila kwenye ligi za nje. Klabu ya Lahore Qalandars imetwaa ubingwa wa Pakistan 2022 na 2023 naye akiwamo. Namibia haikumlisha, ilimpa jezi.

Aliyezaliwa hapa kisha akahamishwa mdogo, huyo ni mwengine. Yeye anapita kwa kuzaliwa hata kama mkononi ana pasipoti ya kigeni. Mkitaka orodha, anzeni na hao.

WA KIKWAJUNI
Naongeza jambo linalouma. Kanuni hii haina usawa. Ukishaichezea nchi kubwa yenye uanachama kamili, unasubiri miaka 3 kabla ya kuichezea nyengine. Ukitoka nchi ndogo kwenda kubwa, husubiri. Eoin Morgan aliichezea Ireland Aprili 2009, Mei akawa mchezaji wa Uingereza. Kwa hiyo sisi tukimkuza olraunda mzuri, mkubwa anaweza kumchukua kesho, na sisi tukimtaka wa kwake tunahesabu miaka.

Na si jambo geni kanda hii. Derek Pringle, olraunda, kazaliwa Nairobi 1958. Baba yake, Don, aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975, timu iliyobeba na jina la Tanzania. Mtoto akaichezea Uingereza, na fainali ya Kombe la Dunia la 1992 alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 22. Hakuna aliyemwita msaliti. Kwa hiyo neno hilo tusimtupie anayekuja kwetu.

Sisi Wazanzibari tunajua uchungu wa uanachama. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea Machi 2017, Julai ikatuondoa. Kwenye kriketi mwanachama ni Tanzania, tangu 2001, na njia ya kijana wa Unguja inapita Dar es Salaam. Nani anakuja kumtazama huku? Hilo ndilo lingepaswa kuwa mada.

MTENGENEZA KIWANJA (Fuoni)
Jamani, mnagombania mchezaji wakati sehemu ya kumchezea haipo. Niruhusuni niende taratibu.

Njia ya kuchezea, ule ukanda wa katikati ya kiwanja, ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Ili iwe ya nyasi lazima chini yake pawe na udongo wenye kushikana, unaokauka ukawa mgumu bila kupasuka ovyo. Uingereza hutumia udongo wenye mfinyanzi kiasi cha asilimia 25 hadi 30. Mkulima yeyote wa Unguja atakwambia: kichanga hakishiki, maweni ni jiwe, kinongo kinashindiliwa lakini juu kinamomonyoka. Kinamo cha mabonde ya mpunga ndicho kinachofaa, nacho kukichota bondeni ni ugomvi na wenye mashamba.

Ndio maana Afrika Mashariki ya zamani ilichezea mkeka wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Chini unashindilia kinongo kwa maji kidogo na roli (gurudumu zito la kubiringisha), siku baada ya siku, mpaka kisigino kisiingie. Juu unatandika mkeka wa mita 20 kwa mita 2.4, unauvuta kwa nguvu pande zote, unaukaza kwa vigingi vya chuma vilivyozama, visije kumkwaa mtu. Kosa la kawaida ni kuvuta ncha mbili ukasahau ubavu. Katikati panabaki mkunjo, na mpira ukiupiga unapanda usoni kwa mpigaji. Jaribu kwa mguu kwenye mita 6 hadi 8 mbele ya wiketi (hapa ni vile vijiti vitatu), hapo ndipo mpira mzuri unapodunda. Mkeka ukisogea chini ya kiatu, ng'oa, vuta upya. Mchezo ukimalizika ukunjwe. Ukilala na umande unaoza, na masika yanaumaliza.

Hili linagusa mada moja kwa moja. Mkeka wa usumba unaung'ang'ania mpira na kuupandisha juu. Kijana aliyekulia juu yake anapiga vizuri akiwa amerudi nyuma, na mipira yake ya kukata, anayoikata kwa vidole akirusha, inageuka kwa ukali. Mpeleke kwenye nyasi, mpira unabaki chini, unapinda hewani, naye anachelewa kuweka mguu mbele. Tena kazoea viatu vya mpira, maana misumari inaukata mkeka. Akipewa vya misumari kwa mara ya kwanza, hatua ya mwisho ya kurusha inamponyoka. Mtu anasema "hana kipaji". Kipaji anacho, alichokosa ni miezi miwili ya nyasi.

WA CHAKE CHAKE
Fundi kasema. Nami naongeza la mwili, maana olraunda huvunjwa na makocha wanaompenda mno. Anarusha ova zake, halafu mazoezini anapiga saa nzima, kisha anarudishwa kurusha kwa wenziwe kwa sababu ndiye hodari. Uti wa mgongo wa chini, upande usio wa mkono wa kurushia, unapata ufa. Corey Anderson wa New Zealand alipiga mikimbio 100 kwa mipira 36 siku ya mwaka mpya 2014, na mgongo ndio uliompunguzia miaka yake ya juu. Baadaye, baada ya kuishi Marekani, aliichezea nchi hiyo 2024.

Uingereza ina kipimo kwa warushaji wa kasi. Wa chini ya miaka 13: ova 5 kwa mkupuo, 10 kwa siku. Wa chini ya 15: 6 na 12. Kuanzia hapo mpaka 19: 7 na 18. Mwalimu wa skuli anaweza kuyaandika ukutani leo, na hayana gharama.

MWENYE HOJA (Mkunazini)
Sheikh wa Chake, pasipoti umenishinda. Naipunguza hoja: waliozaliwa hapa kwanza. Lakini hoja yenyewe siiachi. Juni 2024, Bridgetown, Namibia na Oman zilifungana kwa mikimbio 109. Ikaja ova ya kuamua. Wiese alipiga 13 katika zile 21 za Namibia, kisha akaushika mpira yeye mwenyewe, Oman ikapata 10. Alikuwa na miaka 39. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026. Nani atawakalia karibu awaonyeshe dakika kama ile? Hiyo hutaisoma ukutani.

MTENGENEZA KIWANJA (Fuoni)
Basi aje, lakini aje miezi ya kiangazi, na akute mkeka. Makumbi yanafukiwa pwani miezi kadhaa kabla hayajapondwa na kusokotwa. Kamba Paje na Jambiani ipo. Wa kuifuma ikawa mkeka mzito wa mita 20 bado sijamwona. Anayemjua amtaje hapa.