Kodi ya gitaa na kodi ya duara zina uhusiano gani? Naombeni ushauri

mpiga_rizimu: Wakuu habari za jioni. Nafundisha vijana gitaa kanisani kwetu, sasa kuna binti yuko form three wamefika topiki ya duara, kaniuliza mbona ticha wa hesabu anasema kodi ni mstari ulionyooka unaounganisha sehemu mbili za mzingo wa duara, halafu mimi nasema kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na kwa Kiingereza zote zinaandikwa chord. Nataka nimwambie zimetokana na uzi wa gitaa ila nipate uhakika kwanza, mtoto anayeuliza hivi hajibiwi juujuu. Nimwelezeje?

Mzee wa Kamusi: Usimwambie hivyo mkuu, asili ni mbili. Ya duara ni khorde ya Kigiriki, utumbo, maana nyuzi za vinanda zilisokotwa kwa utumbo wa mnyama, ikapitia Kilatini chorda. Ya muziki ni kifupi cha accord, kupatana, na ndani yake kuna cor ya Kilatini yaani moyo. Waingereza waliiandika cord, hiyo h ikaja kuchomekwa baadaye kwa kuichanganya na ile ya uzi.

binti_wa_taarab: Kwa Waarabu sasa ni neno moja kweli, watar ni uzi wa udi na watar ni hiyo ya duara. Wahindi wa kale waliiita jya, upote wa uta yaani kamba ya upinde, we chora duara ukate kipande uone kama hujapata uta na upote wake.

ticha_namba: Yote sawa ila huyo binti mchoree. Duara la nusukipenyo sm 10, zungushia noti 12 kama saa kwa kufuatana (C, C#, D, D#, E na kuendelea mpaka B), C juu. Unganisha C, E na G, hiyo pembetatu ndo C meja na kila upande wake ni kodi ya duara. C mpaka E ni hatua nne za digrii 30, jumla 120, kwahiyo urefu ni 2 × 10 × sin 60, kama sm 17.3. Mwache apige mwenyewe E–G na G–C, halafu achore C maina (C, D# ambayo huitwa pia E flati, na G) aone pembetatu ileile imegeuka kama kwenye kioo.

mpiga_rizimu: Aisee asanteni sana, jumamosi naenda na bikari. Na F meja itatoka pembetatu nyingine?

ticha_namba: Ileile mkuu, izungushe mpaka kona ya C ikae kwenye F. Meja zote 12 ni hiyo moja.