Tupeane uzoefu: hadithi za uchawi wa kale ulizosoma ukiwa kijana, au unazoandika sasa

Nyar Kibuye (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi nauza vitabu vya mitumba Kisumu. Jumapili natandika turubai soko la Kibuye, siku nyingine natembeza kwa begi. Jumapili iliyopita msichana wa kidato cha pili amenirudishia riwaya aliyonunua kwangu wiki mbili nyuma. Hakusema ni mbaya. Alisema, "Auntie, mamangu amesema isilale nyumbani." Jalada lina msichana wa zamani mwenye kitambaa cheupe kichwani, mshumaa, na paka mweusi anayekukodolea macho. Kisa chenyewe ni cha kijana anayeshtakiwa uchawi Uingereza, miaka ya 1600. Nikambadilishia na cha mapenzi, mama hajalalamika. (Cha mapenzi nacho nakijua kilivyo, lakini hayo tuyaache.)

Nikakumbuka yangu. Nina miaka 14, nasoma kwa taa ya koroboi, dani, bibi yangu, yuko upande wa pili anachambua omena. Akaniuliza kitabu kinasema nini. Nikamjibu ni cha wachawi. Akauliza, "Wachawi gani? Jajuok, ajuoga, au jabilo?" Sikuwa na jibu. Jajuok ni yule wa usiku, ajuoga unampelekea kuku akutibu, jabilo ndiye watu walimwendea kabla ya vita. Kitabu changu kilikuwa na neno moja tu, na hilo moja liliwabeba wote watatu hadi kwenye moto.

Basi tupeane uzoefu. Ulisoma nini, kilikufanya nini, na kama unaandika, unafanyaje. Sharti ni moja: mwenye kuleta namba ya mganga wa kurudisha mpenzi nitamfuta.

Mtoto wa Menengai

Nilisoma bweni Nakuru, madirisha yakitazama mlima wa volkeno wa Menengai. Kidato cha tatu riwaya ikanifikia baada ya kupita mikono kama kumi na miwili, kurasa nne za mwisho zimeng'oka. Ilikuwa ya Salem, kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1692. Nikawa nangoja ufagio upae. Nimengoja hadi ukurasa wa mia mbili, haupai. Kumbe hakuna mchawi mle ndani! Kuna wasichana wawili, mmoja wa miaka 9, mwingine 11, wanaanguka na kujinyonganyonga, kisha majina yanaanza kutajwa, na watu wazima wanaandika. Watu 19 walinyongwa. Mzee mmoja alilaliwa na mawe mpaka akakata roho kwa sababu alikataa kujibu shtaka.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba waliokiri uchawi walibaki hai. Aliyeshikilia "mimi si mchawi" ndiye aliyepanda kitanzini. Nikiwa mtoto wa bweni nilielewa vizuri sana, maana kwetu pia ukikiri kuruka ua ulilima nyasi tu. Ukikataa, uliitiwa mzazi.

Kwa kuwa mwisho haukuwepo, nikautunga mwenyewe nyuma ya daftari la Kemia. Mwalimu wa zamu akalinasa, na mzazi akaitwa kweli. Mzee akapanda matatu kutoka Molo, akasoma mistari miwili, akafunua kurasa za mbele, akaniuliza, "Sasa hii Kemia umepata ngapi?"

Siku hizi naandika kuhusu Menengai yenyewe. Nimekua nikisikia kwamba mvuke unaotoka mle ni roho za morani wa Kimaasai wa Ilaikipiak waliotupwa humo na Wamaasai wenzao wa Ilpurko kwenye vita vya karne ya 19. Majirani zetu Wakikuyu waliuita mlima wenyewe *kirima kia ngoma*, mlima wa mapepo, na hakuna aliyetuma mtoto huko kutafuta kuni. Leo mvuke uleule umetiwa kwenye mabomba unazalisha umeme. Mhusika wangu ana miaka 15, babake ni fundi wa mabomba hayo. Usiku mmoja anasikia bomba linaongea Kimaasai, naye hajui Kimaasai.

Karani wa Kondele

Bomba linaloongea Kimaasai nalitaka kesho asubuhi. Leta sura ya kwanza.

*[Ujumbe umeondolewa na msimamizi]*

Nyar Kibuye

Si nilisema? Uzi haujamaliza saa moja na Daktari ameshafika, na pete ya utajiri juu.

Mwalimu Gusii

Mimi nafundisha, sitasema wapi. Nina chama cha wasomaji, Ijumaa baada ya masomo. Riwaya za wachawi wa Ulaya zilikuwa zinapendwa kuliko zote, wanafunzi wanacheka majina, wanacheka kofia. Halafu ikaja Oktoba 2021, kina mama wazee wanne wakachomwa Marani, huku Kisii, kwa kudhaniwa wachawi. Ijumaa iliyofuata nilishika kile kitabu nikashindwa kukifungua. Ningewaambiaje "watu wa zamani waliamini"?

Tulikaa muhula mzima bila kukigusa. Nilipokirudia, nilianza na mtoto. Mwaka 1612, Lancaster, Uingereza, kesi ya uchawi ya watu wa Pendle. Shahidi mkubwa alikuwa Jennet Device, msichana wa miaka tisa hivi. Mamake alipomwona akaanza kupiga kelele, wakamtoa mama nje, mtoto akasimamishwa juu ya meza ili mahakama imwone. Akamtaja mamake, akamtaja kakake; dadake naye alikiri mwenyewe. Wote watatu walinyongwa. Kwa jumla walinyongwa watu kumi.

Darasa kimya. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya mandazi tu, akauliza, "Mwalimu, huyo mtoto alilala kwa nani usiku huo?"

Sikujua, na bado sijui. Niliwaeleza kitu kimoja tu ninachojua cha baadaye: mwaka 1634 kesi nyingine ya uchawi ilizuka palepale, shahidi safari hii ni mvulana wa miaka kumi, na kati ya walioshtakiwa kulikuwa na mwanamke anayeitwa Jennet Device. Inadhaniwa ni yuleyule. Yule mvulana alikuja kukiri kwamba alitunga.

Tangu hapo swali la kijana huyo ndilo zoezi letu la kuandika. Kila mwanafunzi anaandika usiku mmoja wa Jennet, anapolala na anachokula, na nani anamsemesha. Nimepokea kurasa ambazo sitazitoa popote, kwa sababu nyingine haziko Lancaster hata kidogo.

Mtumishi

Ninasikitika kuona wazazi na walimu humu mnawafungulia watoto mlango wa giza. Kuna hadithi nyingi nzuri. Kwa nini uchawi?

Nyar Kibuye

Mtumishi, karibu, na asante kwa kuingia kwa jina. Soma 1 Samweli 28 tena leo jioni. Sauli aliwafukuza waganga wote nchini, kisha usiku akajifanya mtu mwingine akamwendea mwanamke wa Endori. Mwisho wa sura Sauli amelala chini hana nguvu, hajala kutwa, na anayemchinjia ndama na kumkandia unga ni yule mama. Mimi hiyo nilifundishwa shule ya Jumapili, na ndiyo hadithi ya kwanza ya uchawi niliyowahi kusikia.

Mtumishi

Nitaisoma. Sijabadili msimamo.

Omera wa Nyakach

Nina miaka saba, niko kwa dani. Saa moja jioni upepo unatoka ziwani. Nikasikia debe linagongwa boma la mbali kabisa, halafu sufuria, halafu boma la karibu zaidi. Sauti inakuja jinsi mvua inavyokuja juu ya mabati, unaisikia kwa jirani kabla haijafika kwako. Dani akanitia mkononi kifuniko na mwiko: "Goye!" Piga. Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nyawawa, mizimu ya upepo wa ziwani, walikuwa wanapita. Tulipiga hadi kelele ikahamia boma lililofuata, kisha tukaingia ndani tukala kama watu ambao hakuna kilichotokea. Kifuniko bado kipo, kimebonyea katikati, hakifunikii chochote vizuri.

Nimekiingiza kwenye riwaya yangu ya vijana. Mhariri akaniandikia pembeni: "Eleza nyawawa ni nini." Nikaongeza aya mbili za maelezo, asili yake, imani ya wazee, hivi na vile. Sura ikafa palepale. Nikafuta aya zote mbili, nikaongeza sufuria. Msomaji anayejua atajua. Asiyejua atapiga kifuniko kwanza, kama nilivyopiga mimi.

Wakili Mdogo

Kwa wanaoandika kipindi cha ukoloni: Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925 na bado iko vitabuni. Inamwadhibu anayejidai mchawi, na inamwadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa amempeleka kwa chifu, polisi au mkuu mwingine. Uchawi wenyewe ni nini, haisemi. Ukitaka mgogoro wa riwaya, huo tayari umeandikiwa.

Majani Chai

Natoka Nandi Hills. Swali la dani wa Nyar Kibuye limenigusa mahali, maana sisi ndio tuliolipa bei ya neno moja.

Orkoiyot, kiongozi wetu wa kiroho, si mchawi, wala si mganga wa kuku mmoja. Watu wasingekwenda vitani bila neno lake. Orkoiyot Kimnyole alitabiri nyoka wa chuma atakayepita nchini akitema moshi, na Wanandi wenyewe wakamuua mwaka 1890, wakimlaumu kwa majanga yaliyowapata. Reli ikafika Kisumu 1901. Mwanawe Koitalel arap Samoei aliongoza vita dhidi yake, akauawa tarehe 19 Oktoba 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na aliyempiga risasi ni afisa Mwingereza, Meinertzhagen. Fimbo zake tatu zilipelekwa Uingereza, zikarudi 2006.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipowahamisha Talai wa Kipsigis, ukoo wa maorkoiyot, wazee kwa watoto, kuwapeleka Gwassi kando ya ziwa, sheria iliyotungwa iliwaita "laibon". Laibon ni neno la Wamaasai! Watu waling'olewa kwao kwa sheria iliyokosea hata jina lao.

Nilianza hadithi ya mvulana wa Talai wa miaka 13 anayefika Gwassi. Hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Watoto wa hapo wanamwogopa kwa sababu wameambiwa ukoo wake unaweza kulaani. Yeye hawezi kulaani hata nzi. Lakini ana njaa, na anagundua kwamba akinyanyua kidole tu, wanamwachia samaki. Nimekwama hapo, kwa sababu nampenda na sitaki akinyanyue mara ya pili.

Binti Maseno

Mzee, akinyanyue tu! Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Samahani kwa kuwaingilia wakubwa. Nina miaka 19, naandika kwa simu. Mimi ninaye Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo, lakini simfuati yeye, namfuata mkewe. Mnakijua kisa: mwili wa jiwe, mikuki inadunda, adui zake, Lang'o, wanaona hawamwezi, wanampelekea mke. Siku anaumwa anamwambia mke amchanje dawa, si mwilini, kwenye kivuli. Mke anachanja kivuli, damu inatoka. Anatoroka usiku, anawaambia watu wake, na vita vinavyofuata Magere anachomwa mkuki kwenye kivuli na kuwa jiwe.

Tuliisoma shuleni na darasa zima likamtukana. Mimi nilikuwa najiuliza ana miaka mingapi. Nimempa 17. Nimempa pia lugha asiyoielewa siku ya kwanza, na mama mkwe anayemcheka anavyosonga ugali. Sehemu niliyoandika mara tisa ni pale wembe unapogusa kivuli sakafuni. Mwanzoni nilifanya damu iruke. Sasa hivi udongo unalowa tu, pole pole, kama mtu amemwaga chai, na anautazama muda mrefu kabla ya kuelewa.

Majani Chai

Dada, sisi kwenu ndio Lang'o, na mimi nyumbani sikuwahi kusimuliwa kisa hicho. Nimekisikia mara ya kwanza shuleni, darasani na Wajaluo thelathini, na nikatazamwa mimi. Nitumie ukimaliza. Mvulana wangu nitamwacha anyanyue kidole.

Mwana wa Khayega

Ninyi mko juu sana. Mimi naandika msichana aliyerithi mbio za usiku kwa bibi yake. Mulosi (mchawi wa usiku) kamili, anakimbia uchi, anarusha vijiwe juu ya mabati. Tatizo lake kubwa ni kwamba ana mtihani wa Hisabati saa mbili asubuhi na hajalala. Nimefika sura ya nne, hajakamatwa, lakini amefeli.

Mwalimu Gusii

Huyo nitampeleka Ijumaa. Tumechoka kulia.

Karani wa Kondele

Nyar Kibuye, kile kitabu kilichofukuzwa bado unacho? Nakitaka. Na yule paka kwenye jalada, ni pepo au ni mtu aliyegeuzwa?

Nyar Kibuye

Kipo, shilingi mia, njoo Jumapili kabla ya jua kali. Kuhusu paka, nimekisoma jana chote, kurasa mia tatu na kumi. Hakuna paka.