Mrejesho: Kantri kwa asiyeipenda, kilichofanya kazi na kilichogoma

Wakuu, niliuliza hapa: mtu asiyeipenda kantri, ule muziki wa Marekani, aanzie wapi? Asanteni, majibu nimeyafanyia kazi.

Ushauri uliozaa matunda ni wa kuachana na vibao vipya na kuanza na rekodi zenye vyombo vichache. Albamu ya Red Headed Stranger ya mwimbaji Willie Nelson (1975) isikilizwe kwa mpangilio wake, nusu saa na ushee bila kuruka wimbo, kwa sababu ni kisa kimoja. Nyimbo zikichanganywa inakuwa vipande visivyoeleweka. Hapo ndipo nilipofeli mara ya kwanza.

Aliyesema kinachokera ni fidla nyingi na waitikiaji, si kantri yenyewe, alipatia kabisa. Mapambo hayo yaliongezwa Nashville, mji ulio kitovu cha kantri, mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwavuta wasikilizaji wa pop. Dawa ikawa kantri ya mji wa Bakersfield, California: mwimbaji Buck Owens, gitaa la umeme la Telecaster lenye makali, ngoma wazi.

Jim Reeves, mwimbaji wa mtindo ule wa Nashville, bado hajaniingia. Laini mno, mashabiki wake mnisamehe.

Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ya mwanzo, nusu kwa nusu. Ule mlio wake wa kurukia sauti ya juu ulichosha, hadi nilipofuata pendekezo la kusikiliza kwanza Chemirocha, wimbo wa Wakipsigis uliorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, nchini Kenya mwaka 1950. Jina hilo ni Jimmie Rodgers lililogeuzwa kwa matamshi ya kwao. Ukitoka hapo ukamrudia Rodgers mwenyewe, gitaa lake unalisikia vingine. Mlio ule, bado naupunguza sauti.