Tupeane uzoefu: klachi na gia boksi, nini cha kukagua kabla fundi hajashusha

Spana Kumi na Nne
Wakuu, gari likianza kuteleza au gia zikigoma kuingia, gereji nyingi jibu ni moja: tushushe gia boksi. Kushusha kunakula siku nzima na pesa ndefu, na mara nyingi ugonjwa uko nje ya boksi. Tuwekeane hapa vipimo ambavyo mwenye gari anaweza kufanya mwenyewe au kumsimamia fundi akifanya. Taja dalili, chanzo na tiba. Bei tuziache, zinapishana mno mkoa kwa mkoa.

Naanza na klachi. Kujua kama pleti (sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) imekwisha: vuta hendibreki, weka vigingi kwenye matairi, ingiza gia ya tatu au ya nne, pandisha RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hadi kama 2,000, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima inaizima injini hapo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma kana kwamba uko nyutro, pleti inateleza. Fanya mara moja tu, maana kila jaribio linaipika pleti.

Kelele nazo zinasema. Ukikanyaga pedali inalia, ukiachia inanyamaza: rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachane. Ikilia ukiwa nyutro na mguu haupo kwenye pedali, halafu ikanyamaza ukikanyaga: ni beringi ya shafti inayoingia gia boksi, na hapo kubadili klachi hakutakusaidia. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, anza na mauntingi (raba zinazoshikilia injini), kisha sili ya nyuma ya krenkishafti (shafti kuu ya injini). Ikivuja, oili inafika kwenye pleti.

Dereva wa Kitonga
Gia zikigoma injini ikiwaka, lakini ukiizima zinaingia laini, ujue klachi haikati. Usiguse gia boksi bado. Fungua boneti uangalie mafuta ya klachi. Mengi ni DOT 3 au DOT 4, na baadhi ya magari yanatumia chupa moja kwa klachi na breki. Kama yamepungua, fuata unyevu: ukiukuta ndani, kwenye kapeti juu ya pedali, masta silinda (pampu ya juu inayosukumwa na pedali) imekwisha, ukiukuta kwenye raba ya silinda ndogo pale gia boksi, ni hiyo ya chini.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapampu pedali mara kadhaa na kuishikilia chini, mwingine anafungua nipo (kinati cha kutolea hewa) ya silinda ya chini, mafuta yenye mapovu yanatoka, anafunga, ndipo pedali iachiwe. Ikiachiwa kabla ya kufunga, hewa inarudi yote. Chupa isikauke. Na tafadhali, asimimine mtu oili ya injini wala haidroliki ya usukani humo: raba zinavimba, na kama chupa ni ya pamoja, breki nazo zinakwenda.

Uchezaji wa pedali kabla haijaanza kusukuma, kwenye Toyota nyingi za haidroliki, ni milimita 5 hadi 15. Ukikosekana kabisa, beringi inabaki imeegemea presha (sahani inayobana pleti) muda wote, na klachi mpya inaungua kabla ya wakati wake. Kwa zile za waya zisizojirekebisha, uchezaji unapungua kadiri pleti inavyolika, kwa hiyo kuna kukaza na kulegeza.

Halafu kuna kushikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya hendibreki. Mimi nalaumu tabia hiyo kuliko mzigo.

Mzee wa Flaiwili
Ikibidi kushusha, nunua seti kamili: pleti, presha na rilizi beringi. Kuweka pleti mpya juu ya presha iliyochoka ni kulipa ufundi mara mbili. Kwenye pleti ya zamani pima kina kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti (misumari inayoshikilia pleti). Chini ya milimita 0.3 haina maisha. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake) ikiwa na madoa ya bluu au nyufa ndogo za joto, ipelekwe leth (mashine ya kuchonga chuma) ikasawazishwe.

Wakati wa kufunga, angalia pleti isigeuzwe; nyingi zina maandishi upande wa flaiwili. Iwekwe katikati kwa shafti ya plastiki au shafti kuukuu ya gia boksi. Boliti za presha zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Kwa Toyota ndogo kama Corolla na Vitz mwisho wake ni 19 Nm kwa spana ya kipimo, si nguvu zote za mkono. Grisi kiduchu tu kwenye meno ya shafti, iliyozidi itarushwa kwenye pleti. Sili ya krenkishafti badilisha hapo hapo, kwa sababu kuifikia tena ni kushusha upya.

Mama Raum
Mimi ni otomatiki. Hapa kosa kubwa ni kupima oili vibaya. Kwenye Raum, IST, Spacio na Toyota nyingine zenye stiki: endesha hadi gia boksi ipate moto, simama tambarare, injini ikiwaka na breki umekanyaga, pitisha mkono wa gia toka P hadi L na kurudi P, ndipo uchomoe stiki. Soma alama ya HOT. Honda nyingi unazima injini kwanza, unapima ndani ya dakika moja hivi. Mitsubishi nyingi zinapimwa zikiwa N.

Kipimo kingine cha bure: hesabu muda toka unapoweka D hadi gari linaposhika. Toyota wanataka pungufu ya sekunde 1.2 toka N kwenda D, na 1.5 kwenda R. Kuchelewa zaidi ni oili pungufu, filta imeziba, au klachi za ndani zimelika.

Kumwaga kupitia nati ya chini kunatoa takribani lita 3 tu kwa IST; nyingine inabaki kwenye toki konveta (chombo kinachounganisha injini na gia boksi kwa oili). Kwa hiyo mwaga, jaza kiasi kile kile kilichotoka, tembea siku chache, rudia. Mara tatu zinafikisha zaidi ya robo tatu ya oili mpya. IST za toleo la kwanza zinataka oili ya T-IV. Ukifungua sampu (trei ya oili chini ya boksi), tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyong'aa si kawaida. Boliti za sampu ni ndogo, zikikazwa kwa hasira gasketi inapasuka na mvujo unaanza.

Oili ikiwa ya rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Usiendeshe hata kilomita moja. Maji yanabandua gundi ya pleti za ndani.

Spana Kumi na Nne
Naongeza: gia boksi iliyokwisha kuanza kuteleza, oili mpya haiiponyi. Anayekuahidi hivyo anauza oili.

Forester Mkongwe
Wenye Subaru otomatiki za gia nne, kuna stiki mbili! Moja ya gia boksi, nyingine ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa matairi), na kila moja ina nati yake ya kumwagia. Fundi asiyezijua anamwaga difu, kisha anajaza oili ya otomatiki juu. Matokeo: gia boksi imezidi, difu haina kitu, na meno yanasagana hadi kufa. Difu inakula oili ya 75W-90, takribani lita 1.2. Simama naye wakati anafungua.

Kapi na Mkanda
Kwa CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), oili ndiyo kila kitu. Nguvu inapita kwa mkanda wa chuma unaobanwa na makapi mawili, na oili ndiyo inayoruhusu chuma kushika chuma bila kukwaruzana. Ukiweka oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza na kuchimba makapi. Nissan za zamani NS-2, mpya NS-3. Toyota TC au FE. Honda za zamani HMMF. Soma kitabu cha gari, siyo dumu lililopo dukani.

Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0868, ni presha ndogo kwenye kapi la pili: anza na kiasi na hali ya oili kabla ya kukubali kununua boksi. P0700 peke yake haisemi ugonjwa, inasema tu kuna kodi nyingine ndani, mwambie aisome.

Asiye na Makuu
Gari limegoma kutoka P? Mwombe mtu aangalie taa za breki. Zisipowaka, ni fyuzi au swichi ya pedali. Kuna kitundu au kitufe kidogo pembeni ya mkono wa gia, bonyeza huku umekanyaga breki, itatoka. Msimamishe anayeleta spana za gia boksi.

Gerezani Kona
Ukinunua boksi iliyotumika, linganisha kodi (namba ya utambulisho) ya boksi kwenye kibati na ya gari lako, siyo umbo tu. Nusa oili iliyobaki. Harufu ya kuungua, achana nayo. Siku ya kufunga, toki konveta isukumwe huku ikizungushwa hadi iingie yote kwenye pampu. Inashuka kwa hatua mbili au tatu, na kila hatua unaisikia. Boksi ikisogezwa kwa injini, viwili hivyo viguse vyenyewe kwa kusukumwa na mkono, na konveta bado izunguke. Fundi akianza kuvuta pengo kwa boliti, mzuie hapo hapo, pampu inavunjika kabla injini haijawashwa.

Kuhusu kuvuta gari bovu: otomatiki inayoendeshwa na matairi ya mbele, matairi hayo yawe juu. 4WD, yote manne juu.